Mkeka Uwe Tayari Kabla ya Siku ya Mwaka

Kwetu Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka haufunguliwi Januari. Unafunguliwa Julai, kipupwe kimekaza na kusi inavuma, siku ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Mwaka Kogwa. Picha zake zimesambaa: wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti kinateketea, wanawake wamejipamba wanazunguka uwanja wa Kae Kuu kwa nyimbo. Ninachotaka kusimulia mimi ni kazi inayoitangulia siku hiyo kwa miezi, ambayo mpiga picha hafiki kuiona. Katika ukoo wetu mwaka mpya lazima uikute nyumba ina mkeka mpya, uliosukwa kwa mikono ya wenyewe, haujalaliwa wala kukaliwa na mtu. Wa kwanza kuukalia awe mgeni. Nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka, wazee wetu wanasema, imeanza na mkosi, na bibi yangu mzaa baba alikuwa tayari kumvuta mtu njiani kuliko kukubali jambo hilo limfike.

Mwaka wenyewe ni wa jua, ndugu wa Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, una siku 365 kamili. Hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, ndiyo maana ukiupima kwa kalenda ya ukutani unarudi nyuma polepole. Wazee waliugawa kwa miongo, siku kumi kumi: miongo 36 na siku tano za kumalizia. Mkulima alijua apande mwongo wa ngapi, nahodha alijua atweke tanga mwongo wa ngapi. Bibi naye alikuwa na hesabu yake ya miongo, na yote ilikuwa ya ukindu, yale majani tunayosukia mkeka.

Ukindu una majira yake na haubembelezwi. Linalotakiwa ni kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo bado limefumba. Likishafunguka linakuwa gumu na linakatika kwenye mkunjo. Likifika nyumbani linachambuliwa jani jani, linaanikwa, linageuzwa, linaingizwa ndani jioni lisipate umande, linatolewa tena asubuhi, mpaka ukijani utoke na jani libaki jeupe. Kazi hii inataka jua la kaskazi, Januari na Februari. Masika yakikukuta hujaanika, ukindu unaota kuvu na kuingia madoa meusi ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Kwa hiyo wakati wenzetu wa kalenda nyingine wanapeana heri ya mwaka mpya, uani kwetu kumejaa ukindu juani na watoto wanafukuza kuku. Masika yenyewe, Machi mpaka Mei, ndiyo wakati wa kusuka. Mvua imewafungia watu ndani, na unyevu wa hewa unalilainisha jani lisivunjike mkononi. Juni tunashona. Julai ikiingia mkeka unaviringishwa na kusimamishwa pembeni mwa chumba cha wageni, na ole wake mtoto atakayeugusa.

Nimeishi Dar es Salaam zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimekaa na marafiki usiku wa Desemba 31, kila mtu akitaja atakachokifanya mwaka unaoingia, na mimi nimetaja vyangu. Sioni ubaya wake. Lakini nililolipata kwa bibi ni adabu nyingine ya kuupokea mwaka: unapoingia ukukute umeshamaliza kazi, tena kazi uliyomfanyia mtu ambaye hujui hata jina lake. Tangu nilipolielewa hilo, mwezi wa Februari umekuwa na uzito kwangu kuliko Januari.

Kuchana ndiko kunakomtenga anayejua na anayejifunza. Jani moja la ukindu linaondolewa uti wa katikati na kingo zake, kisha linapasuliwa kwa kisu kidogo au kwa ukucha wa dole gumba kuwa nyuzi za upana mmoja. Shangazi yangu mkubwa hupitisha kila uzi katikati ya vidole viwili huku anaongea na watu, bila kuutazama, na ule uliozidi kidogo anauweka kando. Siku moja nilizichukua nyuzi zilizokataliwa nikazilinganisha na zilizokubaliwa. Kwa macho sikuona tofauti. Nilipofumba macho na kuzipitisha vidoleni kama yeye, tofauti ikajitokeza, ndogo kama ya unywele, lakini ipo. Tofauti hiyo ukiisuka bila kujali, ukili, yaani ukanda mrefu unaosukwa kwa nyuzi hizo kabla ya kushonwa kuwa mkeka, unaanza kupinda kama njia ya nyoka, na ukili uliopinda haukubali kulala ubavuni mwa mwenzake.

Rangi siku hizi ni za unga, zinachemshwa kwenye sufuria kuukuu ambayo hairudi tena kupikiwa chakula. Ukindu unatumbukizwa maji yakitokota, unapinduliwa kwa kijiti, unatolewa, unasuuzwa na kuanikwa kivulini. Bibi alizijua na za zamani: nyeusi ya mizizi ya mdaa, wekundu wa magome ya mkandaa, njano ya manjano ya jikoni. Ile nyeusi ya mdaa ndiyo aliyoipenda. Mkeka wake mmoja wenye mistari ya mdaa bado tunao, na weusi wake haujawa kijivu.

Pesa ya ukindu bibi aliipata kwenye makumbi, maganda ya nje ya nazi. Wanawake wa pwani yetu wanayafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa bahari, maji yanapojaa na kutoka, wanayazungushia mawe na kuyaacha humo kwa miezi mpaka yaoze. Kisha wanayafukua, wanayapiga kwa gongo mpaka zitoke nyuzi, na nyuzi hizo ndizo usumba unaosokotwa kamba. Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa inakaa mwilini hata baada ya kuoga. Mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki, wengi walihamia huko kwa sababu pesa yake ilikuja haraka. Bibi naye alilima mwani, ila makumbi hakuyaacha. Alisema mwani una mwenye bei yake, lakini kamba atauza kwa bei anayoitaka yeye.

Ukili unapimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka wa kulalia watu wawili, ikiwa ukili una upana wa vidole vitatu, unakula pima 24 hivi. Hizo hazisukwi na mtu mmoja. Bibi aliwagawia wanawe wote wa kike, wakwe zake na wajukuu, kila mmoja sehemu yake, na kuolewa mbali hakukumwondolea mtu sehemu. Mimi nikiwa Dar es Salaam, fungu langu lilikuja kwa boti, limefungwa kwenye kanga yenye unyevu. Binamu yangu aliyeolewa Maskati alipelekewa la kwake na watu wanaosafiri. Kule hewa ni kavu na ndani kuna kiyoyozi mchana kutwa, ukindu unakatika ukiugusa. Kwa hiyo alisuka usiku, ameweka bakuli la maji pembeni, anachovya vidole kila baada ya muda. Ukili wake ulikuwa unarudi Unguja kwenye sanduku la mtu, umeviringishwa, unanukia udi.

Vipande vyote vikishafika, bibi alivitandaza chini na kuvikagua. Alimjua kila mtu kwa mkono wake. Huyu anakaza mno, anasuka kama mwenye hasira. Huyu analegeza, akili yake haipo. Mwaka nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza na sijamwambia mtu, bibi alishika ukili wangu, akautazama, akauliza mbona mwanzo wake umekaza na mwisho wake umelala usingizi. Mama yangu alicheka. Bibi hakucheka. Alinitazama tu tumboni na kuniambia nisibebe maji.

Sasa nisimulie habari ya shangazi zangu wawili, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mkeka unafanya kazi gani nyumbani kwetu.

Babu alipofariki kulitokea ugomvi wa minazi. Shangazi mkubwa alisema babu alimpa kwa mdomo, shangazi mdogo akasema hakuna aliyesikia. Walifikia kutoamkiana. Wanakaa nyumba mbili zilizotazamana, ndoo zao zinachotea mfereji mmoja, na salamu hakuna. Watu wazima waliingilia kati, ikashindikana. Bibi hakuwasuluhisha wala hakumpa yeyote haki. Alingoja msimu wa ukindu. Mwaka ule shangazi mkubwa alipewa kazi ya kutia rangi na shangazi mdogo kazi ya kusuka. Anayesuka hana budi kujua nyekundu imebaki kiasi gani kabla hajaanza mstari, na anayetia rangi hana budi kuambiwa nyekundu ipi, ya kukoza au ya kupauka. Mwanzo walitumana watoto. "Nenda kamwambie shangazi yako zambarau imekwisha." Mtoto anavuka njia, anarudi na jibu. Mtoto akichoka, ujumbe unafika nusu, rangi inakosewa. Mwisho wakawa wanapigiana kelele kutoka barazani, mmoja huku na mmoja kule, habari za zambarau peke yake.

Ilipofika Juni, bibi aliwaita wote wawili kwenye kushona. Vipande vya ukili vinalazwa ubavu kwa ubavu, na shazia, sindano kubwa ya kushonea mkeka, inapita kwenye kingo mbili kwa pamoja. Kwa mkeka mkubwa inataka watu wawili: mmoja ashike kingo na kuzibana zisiachane, mwingine apitishe shazia na kuvuta uzi. Mwenye kushika anayaweka macho yake pale pale inapotokea shazia, la sivyo inamchoma. Mwenye kushona anapaswa kusema "vuta" na "legeza" kila baada ya mishono michache. Bibi alisema tu, "Wewe shika, wewe shona," akaenda zake jikoni. Nilikuwepo, nakata vishungi vilivyobaki kwenye ukili. Siku ya kwanza maneno yaliyotoka yalikuwa ni hayo mawili, vuta na legeza. Siku nyingine shazia ilimchoma shangazi mdogo kwenye kidole, damu ikatoka, na shangazi mkubwa akakidaka kile kidole na kukitia mdomoni, kama alivyomfanyia tangu utotoni. Hakuna aliyeomba radhi mbele yangu. Minazi iligawanywa baadaye, kwa utulivu, na katika mkeka ule upo mshono wenye doa dogo la kahawia ambalo hawakutaka litolewe.

Tarehe ya sherehe wanaume wa upande wa Kusini na wa Kaskazini wanapigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani. Wanapigana kweli, kisha wanapeana mikono. Bibi aliniambia wanawake wana mahali pao pa kumalizia, nako ni uani, na wao wanahitaji muda mrefu zaidi. Namkubalia. Nimeona ndoa, uzazi, deni na msiba vikizungumzwa juu ya ukindu kwa namna ambayo visingezungumzika watu wakikaa kutazamana uso kwa uso. Mikono ikiwa na kazi, macho yana pa kutazama.

Siku ya mwaka yenyewe inaanzia baharini alfajiri. Tunashuka wanawake na watoto, maji ya Julai yana baridi, tunajitosa, tunarudi nyumbani meno yanagongana. Bibi alisimulia kuwa utotoni mwake moto wote wa jikoni ulizimwa, majivu yakatupwa nje, ndipo ukawashwa moto mpya. Sisi tunafagia jiko na kubadilisha mafiga. Halafu kunapikwa wali wa nazi na pweza, sinia zinafunikwa kwa makawa tuliyosuka wenyewe, na mkeka unafunguliwa. Mgeni akishauketia ndipo na sisi tunauketia.

Wageni wetu wamekuwa wa kila aina. Dereva aliyeharibikiwa na gari njia ya Kizimkazi. Mwalimu aliyehamishiwa skuli ya jirani wiki hiyo hiyo. Mama mmoja kutoka Tabora aliyekuja kutazama sherehe na mwanawe, akapotezana naye uwanjani, akaletwa kwetu analia. Mwanawe alipopatikana, walikula, wakalala, na mpaka leo anatuma salamu kila Julai. Hakuna hata mmoja wa hao aliyealikwa.

Si kila mtu nyumbani anaipenda siku hii. Baba mdogo, aliyesomesha madrasa maisha yake yote, haendi Kae Kuu. Anaona kile kibanda kinachochomwa moto na mtu akiwa ndani mpaka akimbie nje, pamoja na mambo ya waganga yanayoandamana nacho, hakina nafasi kwa Mwislamu. Miaka mingine mabishano yalikuwa makali. Sasa tumepata mahali pa kukutana. Uwanjani anaenda anayetaka. Kumlisha mgeni, kuunga udugu na kumtandikia mkeka ni mambo ambayo baba mdogo mwenyewe anayasomea hadithi, na yeye ndiye anayeomba dua kabla ya sinia kufunuliwa. Naona ni haki. Mila inayowatoa nje nusu ya watu wa nyumba haiwezi kuwa ya nyumba nzima.

Bibi hayupo tena. Msimu wa kwanza bila yeye hakuna aliyejua nani atagawa pima. Shangazi zangu wawili waligawa kwa pamoja, wamekaa mlangoni pake, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Kazi iliyobaki kwangu ni watoto. Wanangu wamezaliwa Dar es Salaam, na mikeka waliyoizoea ni ya plastiki inayouzwa barabarani, mepesi, ya rangi kali, inayofutika kwa kitambaa. Sikuwahubiria. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara, Juni 2019, vikapu vya ukili vilirudi sokoni, na binti yangu akashangaa kuona watu wananunua kitu ambacho shangazi zake wanakisuka huku wanapiga soga. Hapo ndipo alipouliza. Nilimpa nyuzi nne tu, rangi mbili. Mdogo wake wa kiume alijisogeza mwenyewe. Bibi alikuwa akimwita "mume wangu", na alimzoesha tangu mdogo kumshikia uzi, kwa hiyo kwake kukaa na ukindu halikuwa jambo la wasichana. Sasa ana mkono mzuri kuliko dada yake. Katika mkeka wa mwaka jana vipo vipande vya wote wawili. Cha binti kilipinda kidogo, na shangazi mkubwa alikipima kwa vidole, akakilowesha, akakinyoosha juu ya goti lake mpaka kikakubali, akakishona.

Mtalii mmoja aliwahi kutaka kuununua mkeka wetu ukiwa bado mpya, kwa bei ambayo ingelipa ada ya mtoto. Tulimkatalia, tukamwonyesha nyumba za wanaosuka kwa ajili ya kuuza, na nilifurahi alinunua huko bila kubishana bei. Mkeka wa mkono ni miezi ya mtu. Anayepunguza bei yake kwa kuulinganisha na wa plastiki hajawahi kuchana ukindu hata fungu moja. Wetu, baada ya siku ya mwaka, unapewa nyumba ya ukoo inayouhitaji: bibi harusi, mzazi, au mgonjwa anayelazwa chini kwa sababu ya joto. Mwaka huu utakwenda kwa mpwa wangu anayeanza maisha Fuoni.

Wako wanaoniuliza waanzeje na watoto wao, tena wakiwa mjini. Msianze na mkeka. Anzeni na kipepeo, kinakwisha kabla mtoto hajachoka, na kinatumika siku hiyo hiyo kupulizia mkaa. Nunueni ukindu uliokwisha kauka, mweupe, usio na madoa, Februari kabla mvua hazijaanza, na muuhifadhi mahali pakavu penye hewa. Siku ya kusuka nyunyizeni maji, funikeni kwa kanga, uacheni ulainike kabla ya kuanza. Rangi moja inatosha kwa mwanzo. Baada ya vipepeo viwili vitatu sukeni ukili wa pima moja, kila mtu wake, muulinganishe. Na mkifika kwenye mkeka, kabla hamjatia uzi kwenye shazia, tafuteni kwanza nani atashika.